Wanataka damu yangu na kipande cha kondo la nyuma, mavyaa hataki kusikia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Tanga mjini pamoja na mavyaa wangu. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, huenda Tunduma mpaka Kongo. Akija nyumbani anakaa siku nne tano, kisha anarudi barabarani. Sasa nina mimba ya wiki 12, na sijaweza kuifurahia hata siku moja.

Miaka mitatu iliyopita nilibeba mimba ya kwanza. Ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa saba, nikaanza kuvimba. Kwanza miguu, tukasema ni kawaida ya wajawazito. Halafu vidole, pete ikagoma kutoka. Halafu uso. Kichwa kikaniuma siku tatu mfululizo, nikawa nameza panadoli na kunyamaza kwa sababu sikutaka kuonekana mdekaji. Usiku wa siku ya tatu nilianguka jikoni. Mwenyewe sikumbuki, nimeambiwa tu kwamba mwili ulikakamaa, nikatupa mikono na miguu, povu likanitoka. Mavyaa akasema ni jini, kwani aliwahi kumwona dada yake akipatwa hivyo hivyo. Akaita mtu wa kunisomea na kunifukiza. Nikapatwa tena mara mbili. Hospitali nilifikishwa alfajiri, baada ya jirani kuja na bajaji yake na kunibeba bila kumwuliza mtu.

Huko walisema ni kifafa cha mimba. Nakumbuka sindano za matakoni zilizochoma kama moto, kila baada ya saa nne. Nilipasuliwa mimba ikiwa na wiki 32. Mtoto alikuwa njiti, akaishi siku mbili. Tulimwita (hapa nimeliondoa jina. Shangazi). Kondo la nyuma alikabidhiwa mavyaa, akalizika uani chini ya mwembe. Mtoto alizikwa mimi nikiwa bado kitandani. Sijawahi kumwuliza mavyaa chochote kuhusu usiku ule, na yeye hajawahi kusema.

Juzi nimeanza kliniki. Nesi aliposikia habari zangu alinipeleka kwa daktari, akaniandikia aspirini ya dozi ndogo nimeze kila usiku. Sijaanza. Mavyaa anasema aspirini huyeyusha damu, itaitoa mimba. Nesi akanieleza pia kwamba pale hospitali kuna utafiti wa presha na kifafa cha mimba, na wanatafuta wanawake kama mimi. Hakuna dawa ya kujaribiwa. Watanipa mashine ya presha nipime nyumbani, watanipiga ultrasaundi mara nyingi kuliko kawaida, watachukua damu na mkojo mara nne, na siku ya kujifungua watachukua kipande cha kondo la nyuma. Sampuli nyingine zitahifadhiwa kwa miaka, nyingine zitapelekwa nje ya nchi. Nauli wanarudisha. Karatasi ya idhini ina kurasa tisa. Nimeisoma mara mbili na kuna maneno sijayaelewa.

Nilipomgusia mavyaa alisimama palepale. "Damu ya mjukuu wangu ikauzwe Ulaya? Na kondo je? Kondo ni ndugu wa mtoto, halikatwi. Mwenye nia mbaya akilipata anakufunga kizazi." Mume wangu kwenye simu kasema nimsikilize mama, akija tutazungumza. Atakuja baada ya wiki tatu, na nesi anasema uandikishaji kwa mimba yangu unafungwa wiki ya 14. Anasema saini yangu peke yangu inatosha.

Presha yangu hata sasa si nzuri, kliniki walipata 146 kwa 94. Kichwa kikiniuma huwa nameza losartani nilizonunua duka la dawa mwaka jana, hunituliza. Naona nikikataa utafiti nitahudumiwa kama mtu yeyote tu, na safari hii nitakufa. Nikikubali kwa siri, likitokea jambo, nyumba nzima itasema ni mimi. Niweke saini au nisiweke?

Njiti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mtoto kwanza. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu kubeba kitu ambacho ndani ya nyumba yake hakizungumzwi.

Kabla hatujaigusa karatasi ya kurasa tisa, kuna sentensi uliyoipitisha mbio mwishoni ambayo mimi imenisimamisha. Losartani. Usimeze tena kidonge hicho, na uende kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Beba paketi yenyewe uwaonyeshe. Losartani na ndugu zake, kina enalaprili na kaptoprili, ni dawa nzuri kwa mtu asiye na mimba. Kwa mjamzito zinaweza kuziumiza figo za mtoto na kuyapunguza maji anayoogelea, hasa mimba inapokua. Sikuambii ili ulale macho ukihesabu vidonge ulivyokwisha kumeza. Wiki 12 bado ni mapema, na daktari anazo dawa nyingine zilizozoeleka kwa wajawazito, kama methildopa na nifedipini. Ila hawezi kukubadilishia dawa asiyojua kwamba unaimeza.

Na hiyo 146 kwa 94 isiachwe ikae hivyo. Zamani madaktari wengi walikuwa wakiiacha presha ya namna hiyo, wakihofia kwamba wakiishusha mtoto atakosa damu ya kutosha na kudumaa. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao CHAP, wa wanawake 2,408 waliokuwa na presha ya muda mrefu isiyo kali. Waliotibiwa ili ishuke chini ya 140 kwa 90 walipata madhara makubwa kwa uchache kuliko walioachwa, na watoto wao hawakuzaliwa wadogo zaidi. Ukifika kwa daktari mwambie hivi: hii presha yangu ya sasa tunaifanyaje?

La pili lisilongoja ni aspirini. Hofu ya mavyaa wako ina mzizi, maana ni kweli aspirini huifanya damu isigande upesi, na ndiyo sababu hupewa kwa dozi ndogo na kwa maelekezo ya daktari. Lakini kwa mwanamke aliyekwisha kupatwa na kifafa cha mimba, ni miongoni mwa vitu vichache vilivyothibitika kusaidia, na wakati wake mzuri wa kuanza ni huu huu ulio nao, kabla ya wiki ya 16. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa ASPRE uliofanyika katika nchi sita, Uingereza ikiwamo. Wanawake 1,776 walioonekana kuwa hatarini waligawanywa, nusu wakimeza aspirini kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, nusu wakimeza vidonge vilivyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Waliopata presha ya mimba ya hatari, ile inayotangulia kifafa, hata ikawafanya wajifungue kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 4.3 kati ya waliomeza vidonge vitupu, na asilimia 1.6 kati ya waliomeza aspirini. Kama una kidonda cha tumbo, pumu, au umeona damu ikitoka, mwambie daktari kwanza. Kama huna, muulize nini kinakuzuia kuanza usiku huohuo.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nimelisoma hivi: unaogopa kufa, umeona mlango mmoja wa kupona, na mlango huo umesimamiwa na mtu ambaye usiku ule alichelewa kukuokoa. Kama nimekuelewa vibaya nisahihishe. Kama nimekuelewa sawa, nina maswali kidogo.

Umeandika kwamba ukikataa utafiti utahudumiwa kama mtu yeyote tu. Nani kakwambia hivyo? Wewe si mtu yeyote. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba na kujifungua wiki ya 32 anastahili jicho la karibu, awe ndani ya utafiti au nje, na kukataa hakuruhusiwi kumpunguzia mtu matibabu hata chembe. Hilo ni sharti la utafiti wowote wa binadamu, na bila shaka limeandikwa kwenye mojawapo ya zile kurasa tisa. Lisake. Utafiti kama huo ulioueleza, usio na dawa ya kujaribiwa, kazi yake ni kujifunza. Kupimwa mara nyingi kunaweza kukufaa sana, sikatai, kwani mashine ya presha chumbani mwako si kitu kidogo. Lakini muulize nesi: nikipima hapa nyumbani nikaona namba mbaya saa nane ya usiku, nampigia nani, na atafanya nini? Kama jibu ni simu inayopokelewa saa za kazi tu, basi ujue hivyo mapema.

Kuhusu kufa nako, tuangalie namba pamoja. Kwa waliojifungua kati ya wiki 28 na 34 kwa sababu hii, takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba mmoja kati ya watatu hupatwa tena. Ni nyingi, na sitakuficha. Ila wawili kati ya hao watatu hawapatwi, na anayepatwa akiwa ameshajulikana na kufuatiliwa yuko mbali sana na mwanamke aliyelala sakafuni na ubani ukifukizwa.

Mavyaa anasema damu itauzwa. Sitamcheka, kwa sababu watu wetu wamechukuliwa vitu vingi bila kuulizwa. Lakini swali lake lina majibu mnayoweza kuyadai kwa mdomo wenu. Utafiti wa binadamu hapa Tanzania Bara lazima uwe na kibali cha maadili, na sampuli haziruhusiwi kuvuka mpaka bila mkataba uliopitishwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo ina kituo chake hapo hapo Tanga. Ombeni namba ya kibali. Ulizeni sampuli zinakwenda wapi, zitakaa miaka mingapi, na nani atakuwa na ruhusa ya kuzitumia kwa jambo jingine baadaye. Mtafiti mwema haudhiki kuulizwa. Na hayo maneno usiyoyaelewa, usitie saini juu yake. Mimi nimekuwa mkunga miaka mingi na nimeziona karatasi hizo. Nyingine zimeandikwa Kiswahili ambacho hata mwalimu angekifungulia kamusi, na kosa hapo si la msomaji. Mwambie nesi akusomee sentensi kwa sentensi, kisha umrudishie kwa maneno yako mwenyewe.

Tuje kwenye kondo, ambalo naona ndilo kiini cha yote. Unajua kwa nini wanalitaka? Ugonjwa huu chanzo chake kiko humo. Katika miezi ya mwanzo, kondo linapojishikiza, mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa itanuke sana ili mtoto apate damu tele. Kwa wengine haitanuki vizuri. Kondo likikosa damu ya kutosha hutoa kemikali ziingiazo kwenye damu ya mama na kuumiza kuta za mishipa yake mwili mzima. Ndiyo maana presha hupanda, figo zikavujisha protini kwenye mkojo, uso ukavimba, kichwa kikauma, na ubongo ukifikiwa, ndipo mwili hukakamaa. Ndiyo maana pia dawa ya mwisho ni kujifungua, kondo litoke. Kwa nini mishipa hiyo itanuke kwa huyu na igome kwa yule, bado watu wanahangaika kulijua. Utafiti uitwao PRECISE ulifuatilia wajawazito Kenya, Gambia na Msumbiji, na kwa upande wa Kenya ulikuwa huko Kilifi, Rabai na Mariakani, kwa watu wa pwani wenye kondo zao za kuzika kama nyinyi. Nao ulikusanya damu na vipande vya kondo.

Kwa hiyo mavyaa wako na hao watafiti wanakutana mahali pamoja bila kujua. Wote wanaamini kondo si takataka. Uliza wanakata kipande cha ukubwa gani, na kama sehemu iliyobaki mtarudishiwa mkaizike chini ya mwembe. Uliza pia kama unaweza kukubali damu na kukataa kondo, au kukubali vyote na kukataa kuhifadhiwa kwa miaka. Karatasi nyingi za siku hizi zina visanduku tofauti vya kutia alama, na hata baada ya saini mtu anaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.

Saini ya siri, basi. Nesi hakukudanganya, wewe ni mtu mzima na mwili ni wako. Ila mashine ya presha utaificha wapi kwa miezi sita ndani ya nyumba hiyo? Simu za watafiti utazipokelea wapi? Na siku ya kujifungua, mavyaa akipokea kondo lililokatwa bila kuwa na habari, itakuwaje? Hatari hiyo ni ya kweli, pamoja na nyingine kubwa zaidi: ukizidiwa usiku na mumeo yuko Tunduma, mtu wa kwanza kukuona atakuwa yeye. Unamhitaji ajue dalili, na mtu aliyegundua amefichwa anaweza kukataa kuambiwa lolote.

Kusema wazi nako kuna hatari yake. Utakatazwa, mumeo atamfuata mama yake, wiki ya 14 itapita. Baadhi ya wanawake hukatazwa hata kliniki yenyewe. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako, mimi siijui. Kama unahisi ukisema utafungiwa mlango wa matibabu, basi kimya chako kina sababu, na mtu wa kumwambia kwanza ni daktari. Kukataa utafiti pia ni njia ya heshima, hakukufanyi mwoga. Ukiichagua, dai mahudhurio ya karibukaribu, mkojo upimwe protini kila uendapo, na kama familia inaweza kuchanga mkanunua mashine yenu ya presha, nunueni, mkaijaribu kliniki kwanza kuona kama inasoma sawasawa.

Kuna neno dogo kwenye barua yako nimelirudia mara nne. Mavyaa alisema alimwona dada yake akipatwa hivyo hivyo. Dada huyo alikuwa mjamzito wakati ule? Aliishi? Hujaandika, na nadhani hujauliza. Inawezekana usiku ule, ukiwa umeanguka jikoni, yeye alikuwa anamwona mtu mwingine, na akafanya lile alilowaona wazee wakifanya. Hilo halifuti saa zilizopotea. Una haki ya kuwa na hasira nazo, na mtoto alikuwa wako. Lakini huyo mama ndiye aliyelichukua kondo akalizika kwa mikono yake, na mjukuu akazikwa wewe hupo. Sijui amekuwa akijiambia nini miaka hii mitatu. Kumkataza mkwewe asikatwe kondo huenda ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kumlinda mtoto huyu, baada ya kushindwa kumlinda yule.

Ungeweza kumpeleka kliniki? Si kwa ajili ya saini. Mwombe akusindikize kesho, kwa habari ya losartani na aspirini tu, na umwombe daktari amweleze yeye, kwa heshima ya ukubwa wake, ni nini kilikupata. Akitaka kuuliza habari za damu kwenda Ulaya, aulize hapohapo mbele ya wenyewe. Kama hilo ni zito, yupo wifi au shangazi wa mumeo anayesikilizwa? Na mumeo, kwani lazima mazungumzo yangoje gari lirudi? Madereva huegesha usiku. Mwambie kwa simu namba zile, 146 kwa 94, na umwambie unaogopa. Sidhani kama umewahi kumwambia neno hilo.

Wewe pia uache kujihesabia ile panadoli. Wanawake wengi huvimba miguu wakawa salama, na wewe hukuwa umeambiwa tofauti. Sasa zijue dalili: kichwa kinachouma kisiachie, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza. Moja tu likitokea, ni hospitali muda huohuo. Hata baada ya kujifungua linaweza kuja, kwa hiyo wiki sita za uzazi zisikulegeze. Baada ya hapo presha yako ipimwe kila mwaka, maana waliopitia haya huwa karibu na magonjwa ya moyo na kiharusi kuliko wenzao.

Na yule jirani wa bajaji, kama bado yupo, mwombe namba yake uibandike mlangoni, mahali ambapo mavyaa ataiona.

Jina la mtoto nililitoa kwenye barua kwa sababu ni lenu, si la wasomaji. Ukipenda, siku moja litaje mbele ya mavyaa wako, uone atasema nini.

Shangazi